Picha Iliyomtoa Fundi Pindo kwa Wana Mshale

Fundi Pindo hamwamini mtu upesi. Mteja akimletea kitambaa, hukipima mbele yake, kisha humpa futi na yeye apime, asije kesho akasema kimeliwa. Wenye kumcheka humcheka, lakini miaka yote aliyokaa na cherehani mlangoni hakuna aliyewahi kumgombeza kwa kipande.

Kitu alichokiamini bila kukipima ni simu yake ya Mshale. Alianza na ile ya vibonye, akaja na hii ya kioo. Nayo ndiyo iliyomkosanisha na mama yake.

Mama anaishi mbali, peke yake, na ana presha. Siku alipoanguka bafuni alimpigia bintiye, akapiga tena na tena, mpaka jirani akamsikia akigonga ndoo. Simu ya Fundi Pindo ilikuwa mezani, kando ya mkasi, kimya kama jiwe. Alipoigusa atazame saa ndipo zile simu zote zikaingia kwa mkupuo, kama watu waliokuwa wamejificha nyuma ya mlango.

"Sema tu umenichoka," mama alimwambia. "Mimi ndiye niliyekuzaa. Mtoto anayenikwepa namjua."

"Mama, haikulia."

"Haya. Haikulia."

Ile "haya" ilimchoma kuliko sindano. Akajua siku mama akianguka tena, hatapiga.

Basi akaingia kwenye kundi la mtandaoni la Wana Mshale, ambako husemwa hata watengenezaji huchungulia, akaandika kwa adabu: "Ndugu zangu, simu ikikaa bila kuguswa, mtu akipiga hailii. Mama yangu mgonjwa. Tuwaombe wairekebishe, mtu aweze kuchagua namba ambayo lazima ilie."

Wa kwanza kujibu alijiita Babu Chaji. "Umetumwa wewe."

"Mshale hainyamazi," akadakia mwingine. "Kapime masikio."

"Dada, rudi kwenu Kipanga, utusalimie."

Kipanga ndiyo simu ya washindani. Tangu hapo habari ya mlio ikafa. Ikawa Kipanga inachemka mfukoni, Kipanga ni ya watu wa kujionyesha, Kipanga hivi, Kipanga vile. Mmoja alijaribu kuuliza, "Sasa mama yake afanyeje?" Akaulizwa yeye analipwa na nani.

Mkuu wa kundi akakata shauri. "Kama kweli una Mshale, ipige picha tuione. Huna, tunakutoa."

Sawa, lakini simu haijipigi picha yenyewe. Fundi Pindo akavuka kwa kinyozi, jirani yake, akaazima ya kwake. Akailaza Mshale juu ya kitambaa safi, akapiga, akajirushia ile picha na kuibwaga kundini mbio mbio. Yeye wa kupima mara mbili, picha hakuitazama hata mara moja. Chini, pembeni, kwa herufi nyeupe, simu ya kinyozi ilikuwa imejiandikia: Imepigwa kwa Kipanga.

"Jasusi kasahau kufuta nyayo," akaandika mtu. Wakacheka, wakamtoa.

Akarudi kwa kinyozi, macho kayabana. "Ulijua simu yako inaandika?"

"Inaandika nini?"

Akamwonyesha. Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine, mteja kichwa nusu. "Dada, mimi napiga picha vichwa vya watu. Nani anaangalia huko chini?"

Kicheko kile Fundi Pindo alikiona kirefu mno. "Na huko kwenu Kipanga, mtu akilalamika?"

"Tunajua katoka Mshale," kinyozi alisema, na safari hii hakucheka.

Jioni, akiokota vipande vya nyuzi, akapata ujumbe wa pembeni. Babu Chaji. "Dada, usimwambie mtu. Hata yangu hailii. Ingia kwenye mipangilio, tafuta betri, zima pale pa kutunza chaji."

"Si wewe uliyesema nimetumwa?"

"Ni mimi."

"Mbona mle ndani hukusema?"

"Waseme nami nimetumwa?"

Fundi Pindo akaiweka simu chini, akaizunguka kwa macho. Huenda ni mtego, abonyeze vyote vifutike. Akaandika kwanza namba ya mama kwa chaki kwenye ukingo wa meza, ndipo akazima alipoambiwa. Kisha akampigia mama, akamwomba ampigie kesho, saa yoyote, asimwambie ipi.

Kesho yake alikuwa katikati ya mshono wa bega simu ilipolia. Mguu ukaruka kwenye pedali, uzi ukakatika, akaipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Mama?"

"Umepokea haraka," mama alisema polepole. "Leo unataka nini kwangu?"