Jezi ya Cuthbert Kwenye Mahindi

Jafari, fundi cherehani wa Mkomaindo, alikuwa Yanga tangu hajajua kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe alivipata ukubwani. Gurudumu la cherehani yake alilipaka kijani, miguu njano. Mtu wa Simba akileta suruali ya kupunguza, ilipunguzwa vizuri tu, ila mwenyewe alisomewa kwanza dhambi za timu yake. Ndivyo alivyokuwa, na mdomo wake ulishazoeleka mjini kote.

Mtani wake mkubwa alikuwa Silvesta, mtu wa Lupaso, mtunza stoo hospitalini. Hao walikuwa watani mara mbili. Kwanza kwa kabila: Jafari Myao, Silvesta Mmakua, na hao wanatukanana tangu enzi za mababu wala hakuna anayenuna. Pili kwa mpira, maana Silvesta alikuwa Simba damu. Asubuhi akipita kwenda kazini hakumpa Jafari salamu ya watu. Alisimama barazani, akatikisa bunda lake la funguo, akauliza, "Wewe Myao, bado hujafa? Sanda nimeshakununulia."

"Nakusubiri utangulie wewe," Jafari alimjibu bila kuondoa mguu kwenye kanyagio, "nije nile ubwabwa wako."

Wakishasemezana hivyo, kila mmoja alikwenda na kazi yake akiwa na moyo mweupe.

Miaka ile ya tisini, biashara ilipofunguliwa na stesheni za watu binafsi zikaanza kurusha matangazo, jirani yao Mama Stamili aliuza korosho msimu mmoja kwa bei ya kumfanya acheke peke yake njiani. Akaleta ungo mkubwa na televisheni, akaviweka uani, mtaa mzima ukahamia kwake. Siku za mpira ua uligawanyika: Simba upande wa jiko, Yanga upande wa choo. Jafari alidai upande wa choo una upepo. Sawa, tumwachie.

Lakini Alhamisi jioni hapakuwa na pande. Alhamisi ilikuwa siku ya vichekesho vya Mzee Kufuli, mwenye nyumba mmoja bahili, mwenye funguo kiunoni kama mbuzi aliyefungwa kengele. Mpangaji akitaka kuhama, Kufuli hulala kizingitini na kusema, "Hahami mtu hapa, mpaka nilipwe changu!" Basi ni hilo tu, kila wiki, na kila wiki watu walicheka upya.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Bi Esha, mama yake Jafari. Alikuja kutoka Chiwata kutibiwa mguu, akakaa kwa mwanawe mwaka mzima. Mpira hakuutaka, watu wazima ishirini na wawili kugombea kitu kimoja, alisema, ni kukosa malezi. Ila Kufuli alimpenda kama shemeji. Na siku umeme ulipokatika Alhamisi, Silvesta alikuja na funguo zake za stoo, akalala kwenye kizingiti cha nyumba ya Jafari, akamwigiza Kufuli mwanzo mpaka mwisho. Bi Esha alicheka hadi akashika nguzo. "Huyu Mmakua," alisema akijifuta machozi, "nikifa aje huyu huyu."

Mguu ukapona, mama akarudi Chiwata. Vichekesho navyo vikakatika siku moja bila hata kuagwa. Vikaletwa vingine vya watu kupiga kelele na kuangukaanguka. Havikuwa vibaya sana, lakini Kufuli hakuhitaji kuanguka. Watu wa mtaa ule walimlilia kwa miaka.

Mzaha mzaha hutumbua usaha, walisema wahenga. Ikaja mechi ya watani wa jadi, Yanga ikashinda, Jafari akapandwa na mori. Asubuhi yake alipita kwa Silvesta, akaiona jezi nyekundu imeanikwa kambani. Mtani huchukua bila kuomba, hiyo ni haki yake. Akaichukua, akaenda nayo kwenye shamba lake la mahindi kando ya barabara, akalivalisha sanamu lake la kutishia ngedere. Kichwani akaliwekea kopo bovu. Kila aliyepita kwenda gulioni alilisalimia. Siku tatu jezi ile ilikaa pale, jua lake, mvua yake.

Ambalo Jafari hakulijua ni kwamba jezi haikuwa ya Silvesta. Ilikuwa ya mdogo wake, Cuthbert, aliyefia Dar es Salaam mwezi uliotangulia. Ilifika ndani ya begi pamoja na vitu vyake, na Silvesta alikuwa ameifua kwa mara ya kwanza.

Siku ya nne Silvesta alikwenda mwenyewe kuivua. Asubuhi iliyofuata alipita barazani, funguo amezishika zisilie. "Habari za asubuhi, Bwana Jafari," alisema.

Jafari alidhani ni mzaha mpya, akasubiri utakapoangukia. Haukuangukia popote. Kesho yake tena, "Habari za asubuhi, Bwana Jafari. Nyumbani hawajambo?" Heshima tupu! Tusi lolote angelipokea, lakini hii ya kuitwa Bwana ilimchoma kuliko sindano. Mke wa Silvesta, Dorika, ndiye aliyemweleza habari za begi. Jafari alikimbilia stooni kuomba radhi.

"Hakuna kosa, Bwana Jafari," Silvesta alimwambia. "Sisi ni watani, na mtani hakosi."

Ndiyo ubaya wa utani. Aliyeumia hana ruhusa ya kununa, kwa hiyo Silvesta hakununa. Alimheshimu miezi minane. Jafari alikonda. Hata mechi alizitazama amenyamaza, na upande wa choo ukawa hauna upepo tena.

Kisha Bi Esha akafariki, Chiwata, usingizini. Watu walijaa. Jafari alikaa mkekani akitazama njia, na jambo lililomkaa rohoni lilikuwa moja. Alijua Silvesta atakuja, maana ni muungwana. Ila atakuja kama nani? Akija kama mtani, akafanya vituko vya msibani kama ilivyo desturi, uhusiano bado upo. Akija kama mgeni wa heshima, basi yamekwisha, na mama atazikwa kimya kama mtu asiye na watani.

Silvesta alifika saa saba. Alivaa koti zito, limefungwa vifungo mpaka shingoni, katika jua lile. Akampa Jafari mkono.

"Pole sana, Bwana Jafari."

Jafari akaitikia, akainamisha kichwa. Yamekwisha, alijiambia, na hakuwa na wa kumlaumu.

Jeneza likabebwa kutoka ndani. Wabebaji walipokaribia mlango, zikalia funguo. Silvesta alikuwa amelala kizingitini, chali, koti wazi, na ndani yake jezi nyekundu iliyopaukia kwenye mahindi.

"Hahami mtu hapa," alisema kwa sauti ile ile ya puani ya Mzee Kufuli, "mpaka nilipwe changu!"

Wanawake waliokuwa wakilia ndani wakaanza kucheka katikati ya kilio. Maalimu alikohoa, kisha akatazama pembeni. Naye alikuwa na watani.

"Unataka nini, Mmakua?" Jafari aliuliza.

Silvesta aliinuka, akaivua jezi, akabaki na koti juu ya kifua kitupu. "Mpangaji huyu nilimpenda. Hatoki mpaka mwanawe avae hii. Mbele za watu."

Jafari aliivaa juu ya kanzu. Ilimbana, pamoja na kukonda kwake. Akashika jeneza la mama yake, njia ikafunguliwa, na kaburini alishuka nayo hivyo hivyo, mtu wa Yanga tangu utotoni, akampokea mama yake na kumlaza akiwa amevaa nyekundu.

Walipomaliza aliivua, akaikung'uta udongo, akaikunja vizuri kama nguo ya mteja, akamnyooshea Silvesta kwa mikono miwili.

"Nenda kaifue kwanza," Silvesta alisema. "Na hilo tumbo lako limeipanua. Myao wewe, mama amekwenda, wewe bado hujafa tu?"

Tangu alfajiri Jafari hakuwa ametoa chozi. Hapo ndipo alipolia, jezi ya Cuthbert mikononi, na mtani wake akamshika bega mpaka akamaliza.