Tulivyopeleka Papa wa Miiba Makambako

Sababu ya safari hii ilitangazwa kwa kipaza sauti sokoni kwetu Tandala, wilaya ya Makete, mimi nikiwa nimeshika kisu mkononi namkatia mteja. Kila mfanyabiashara wa samaki wa bahari, mkubwa kwa mdogo, alitakiwa kufika Makambako kwa mafunzo kuhusu papa, samaki aina ya taa na viumbe wengine wanaolindwa. Mafunzo ni ya lazima, na asiyehudhuria asitegemee kuhuishiwa leseni. Niliudhika, wala sifichi. Kwaresima ilikuwa imebisha hodi, na Kwaresima ndiyo inayonilisha. Familia za Kikatoliki zinazolima kuzunguka misheni za upande wa Njombe hazigusi nyama siku za Ijumaa, na kwa miaka mingi mimi ndiye ninayewapelekea samaki mkavu, ingawa mwenyewe ni Mlutheri wa kuzaliwa. Nyumbani nilikuwa na roba mbili za papa, mafurushi makubwa ya gunia ambayo bado yameshonwa, nilizozinunua kwa ajili yao. Msimu huo ukinipita, mwaka mzima umenipita.

Tangazo lilimalizia kwa kusema kila mtu aje na kipande cha samaki anayemuuza. Hapo ndipo tulipokosea sote, na ili nieleweke lazima nieleze kidogo namna tunavyouza.

Huku milimani papa hutufikia akiwa vipande virefu vilivyokaushwa kwa chumvi. Hana kichwa, hana mapezi, hana mkia. Nimeanza kumuuza tangu Tumaini wangu ananyonya, na Tumaini sasa ana watoto wake, lakini papa mzima sikuwahi kumwona hata kwenye picha. Mteja wetu naye hajamwona. Kwa hiyo imani yote iko kwenye ngozi. Kuna papa ambaye ngozi ya mgongo wake ina mstari wa miiba midogo, migumu, imepangana kama punje kwenye gunzi. Mteja hupitisha kidole, akiikuta miiba anajua hajadanganywa, anafungua mkoba bila kubishana. Huyo tunamwita papa wa miiba, na kwetu hana mpinzani.

Sasa, mtu wa Makete ukimwambia alete kitu chake mbele za watu, anakumbuka sikukuu ya mavuno kanisani. Halete kiazi kilichotobolewa na wadudu. Nilifumua kona ya roba, nikachambua, nikatoa kipande kinono kuliko vyote, chenye miiba kuanzia juu hadi chini, nikakifunga kwenye kitenge safi.

Alfajiri, Tandala. Ukungu ulikuwa umelala barabarani na nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Basi lilitokea Iwawa, makao ya wilaya yetu, na ndani yake alikuwemo wifi Edina, mdogo wake mume wangu, ameniwekea nafasi dirishani. Biashara hii nilimfundisha mimi, tangu kumtambulisha kwa mwenye ghala la samaki hadi kumwonyesha jinsi ya kushika kisu. Leo ana meza yake soko la Iwawa, na roba zake za Kwaresima zilishushwa kwenye lori moja na zangu. Hatujawahi kugombana sana, isipokuwa kwa utani, na utani kati yetu haukauki. Kabla hatujatoka Tandala alishafungua beseni lake na kunionyesha kipande alichobeba. Alidai changu kimekonda kama mwenyewe. Nilimjibu kwamba chake kimenona kwa sababu kimelala kwenye duka lisilo na wateja. Abiria wa mbele aligeuka, akasema harufu yetu sisi sote wawili ni ile ile.

Njombe, kabla ya mchana. Tulishuka stendi kubadili gari, tukanywa chai huku tumeegemeana kwa baridi. Simu yangu iliita. Alikuwa mama kiongozi wa jumuiya moja kule misheni, akiulizia mzigo. Alinikumbusha kwamba wameshahesabiana nyumba kwa nyumba na kwamba Ijumaa ya kwanza haisubiri mtu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, papa yuko ndani, wa miiba mtupu. Nilisema kwa sauti, maana najivunia kazi yangu, na wifi akanikonyeza.

Kutoka Njombe barabara inateremka kidogo kidogo, misonobari inabaki nyuma, mashamba ya parachichi yanaanza kuchanganyika na mahindi. Ukifika Makambako unapokelewa na upepo. Mji uko njia panda, malori ya kwenda Mbeya, Dar es Salaam na Songea yote yanapita hapo, na ndiyo maana samaki wa bahari wanashushwa hapo kabla ya kutawanywa kwetu. Upepo wake unabeba vumbi na kukuingizia hadi mdomoni.

Tulifikia kwa Mama Mgaya, rafiki yangu tangu darasa la kipaimara, ambaye anaishi jirani na reli. Alitupokea mlangoni kwa salamu ya "Kamwene" ya kuvuta, akatunyang'anya mizigo, akatuwekea ugali na maharage yaliyoungwa vizuri. Aliuliza tumeitiwa nini. Nilipomweleza alitikisa kichwa.

"Shoga yangu, bahari iko huko Dar. Ninyi wa Tandala mnamlinda nani?"

Tulicheka sana. Nilimwambia hata mimi nataka kumuuliza huyo mwalimu swali hilo hilo.

Asubuhi, ukumbini. Tulikuwa wachache kuliko nilivyodhani, wachuuzi wa Njombe, wa Makambako wenyewe, sisi wa Makete, na wavuvi wawili watatu kutoka Ziwa Nyasa ambao walilalamika tangu mlangoni kwamba ziwani kwao hakuna papa. Mwalimu aliitwa Zuhura, binti wa pwani, amejifunika shali mbili na bado meno yanagongana. Mbele yake kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe. Alituomba tuweke tulivyoleta.

Kila mmoja, isipokuwa wale wa ziwani, alipita na kuweka, na kila aliyerudi alitembea kwa madaha. Kilipowekwa cha mwisho, meza ilikuwa inapendeza. Vipande vinono vitupu, na miiba juu ya kila kimoja. Niliona fahari, nikasema moyoni kwamba huyu binti wa pwani leo atajua kwamba watu wa milimani hawauzi takataka.

Zuhura alianza kupita. Alipitisha kidole kwenye kipande cha kwanza, kama wateja wetu wanavyofanya. Akaenda cha pili, cha tatu, cha wifi, changu. Alipofika mwisho wa meza alirudi mwanzo, akagusa tena vyote. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Alituuliza taratibu kwa nini wote tumeleta wa aina moja. Wifi alimjibu kwamba ndiye papa bora, na mgeni hapelekewi kibovu. Ukumbi uliitikia kwa kicheko. Zuhura hakucheka. Alivuta kiti akakaa, akatueleza kwamba yeye alitarajia mchanganyiko, kidogo cha kila kitu, na kwamba katika meza zote alizowahi kuandaa hajaona iliyojaa namna hii. Samaki tuliyemleta anaitwa charawanza. Ni nusu papa nusu taa, na amevuliwa hadi sehemu nyingi wavuvi wazee tu ndio wanaomkumbuka. Sasa haruhusiwi kuuzwa bila kibali maalumu, kibali ambacho sisi hatuna, wala aliyetuuzia hana. Miiba ya mgongoni ndiyo alama yake.

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja wa Njombe alinyoosha mkono kutaka kuchukua kipande chake, akaurudisha.

Nilikasirika. Nilisimama nikamwambia kwamba sisi tunanunua kwenye ghala linalojulikana, mchana kweupe, na kwamba kama kuna mwizi aende akamtafute baharini. Hakubishana nami. Alisema hakuna aliyetuita wezi. Kisha akawasha mashine yake, akatuonyesha picha ukutani.

Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza mnyama niliyemuuza umri wangu wote. Kichwa chake ni bapa na kimechongoka mbele kama jembe. Nyuma ana mkia na mapezi ya papa, na mgongoni ule mstari wangu wa miiba. Picha iliyofuata ilikuwa ya charawanza jike aliyepasuliwa tumbo ufukweni, na pembeni yake, kwenye mchanga, wamelazwa wadogo wachache, wenye vichwa vya jembe vile vile.

Hao wadogo niliwatambua papo hapo. Ndani ya roba, katikati ya vipande, mara kwa mara tunakuta visamaki vizima vilivyokauka, virefu kama kiganja, vina vichwa bapa. Wenye ghala huvitia humo kujazia. Sisi tulijua ni aina nyingine ya samaki, mdogo kwa maumbile. Haviuzwi, tunavitoa nyongeza. Mteja mwema namwongeza kimoja. Mama aliyejifungua, ndugu zake wakija kununua, nawaongeza viwili vya mchuzi.

Niliuliza, bila kusimama safari hii, "Hao wadogo wana umri gani?"

"Hawana umri, mama yangu," Zuhura alisema. "Walikuwa hawajazaliwa."

Akaendelea kueleza kwamba samaki huyu hatagi mayai kwa maelfu kama wengine. Hubeba mimba, huzaa wachache, na huchukua miaka kabla ya kuanza kuzaa. Mengine aliyoyasema siku ile na kesho yake niliyasikia, kuhusu kasa, kuhusu kujua mzigo umetoka wapi, nami nayakumbuka vizuri. Lakini pale nilikuwa natazama mikono yangu. Nilijisikia vibaya mno, na hasira yote ilinitoka.

Kabla ya kutuaga alitutajia utaratibu. Mwenye mzigo wa charawanza nyumbani aukabidhi ofisi ya uvuvi ya wilaya yake ndani ya juma hilo, na atakayekabidhi mwenyewe hatashitakiwa. Vipande vya mezani vilibaki pale pale. Tulitoka mikono mitupu.

Njiani kurudi. Njombe tulibadili gari tena. Tulipoanza kupanda kuelekea Makete wifi aliniinamia, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Wifi, miiba si inatoka kwa kisu? Tunakwangua, tunauza upesi, Kwaresima inaisha. Mwakani hatununui tena."

Nitasema kweli kwamba nilihesabu. Niliona tunaweza. Kisu changu kikali kinakwangua roba nzima kwa jioni moja, na ngozi ikishakuwa laini hakuna wa huku atakayejua. Niliwafikiria wale wa jumuiya wanaonisubiri, na chakula cha nyumbani hadi viazi vikomae. Nikamwambia siwezi. Aliniuliza kwani nitawarudisha wale waliokwisha kuliwa. Nikasema hapana, ila siwezi kuendelea kuwakata nikiwajua. Aligeukia dirishani, na Tandala niliposhuka hakuitikia kwaheri yangu.

Usiku ule sikushona wala kufumua roba. Nilimpigia mama wa jumuiya nikamweleza yote. Akasema basi watakula maharage, na akaniuliza mimi je, nitakula nini.

Iwawa, siku ya pili yake. Nilipakia roba zangu kwenye basi, nikazifikisha ofisi ya uvuvi. Afisa alizipima, akanishukuru, akaniandikia. Kisha akauliza, kwa upole tu, kama kutoka Makete nilikwenda mafunzoni peke yangu. Nilijibu kwamba tulikuwa wawili. Akauliza mwenzangu ana mzigo. Ningeweza kusema sijui. Yule ni damu ya mume wangu, na meza yake iko mwendo mfupi kutoka pale tuliposimama. Nikamwambia anao, roba mbili kama zangu, na nikamwomba anipe mpaka mchana nikamwite mwenyewe. Alikubali.

Nilimkuta wifi amekaa nyuma ya meza yake, kisu magotini, ngozi zimekwanguliwa, miiba imelundikana miguuni pake.

"Nimeulizwa nikakutaja," nilimwambia. "Ukipeleka mwenyewe kabla ya mchana hawatakushitaki. Nitakusaidia kubeba."

Hakunitukana, na nilitamani anitukane. Aliinuka, akarudisha vipande kwenye roba kimoja kimoja, akajitwika, akakataa mkono wangu. Alikatiza soko zima watu wakimtazama, akaenda, akarudi, akajitwika ya pili. Mimi nilibaki kulinda meza tupu.

Sasa nauza dagaa wa ziwani na maharage, na roba yoyote naifungua mbele ya mwenye ghala kabla sijalipa. Wa misheni bado wananunua kwangu, ingawa si kama zamani. Katika safari ile nilijifunza kwamba bahari, ambayo sijawahi kuiona, ilikuwa ikipita mikononi mwangu kila siku ya soko, na kwamba kisu cha huku milimani kinaweza kuimaliza kama nyavu za kule. Hayo najua ni kweli, na ningerudia nilichofanya.

Wifi Edina naye anaendelea na meza yake, kwa viazi na mboga. Kwenye misiba na harusi za ukoo tunakutana, tunapika chungu kimoja. Ananisalimia vizuri kabisa, kwa heshima, mbele ya watu wote. Ila haniiti wifi. Ananiita Mama Tumaini, kama majirani.