Mzinga Niliompigia Baba Ndinda

Wacha niseme mapema ili msinicheke katikati: mimi ndiye yule mtu aliyemwagia masizi kwaya nzima ya akina mama, mchungaji, keki, na baba wa msichana niliyetaka kumuoa, tena mchana kweupe, mbele ya simu zilizokuwa zinarekodi kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeomba watu warekodi.

Mimi ni fundi wa kuchomea vyuma pale Sultan Hamud. Ndinda nilimjua alipotumwa na shule anayofundisha kuangalia geti lao limefika wapi, na lile geti nililichelewesha makusudi ili azidi kuja kuliangalia (geti zuri hata hivyo, bado limesimama). Kwao ni Mbooni, huko juu kwenye baridi. Baba yake alikuwa mwanajeshi, akastaafu, sasa ni mzee wa kanisa, na maneno yake ni ya kuhesabu. Siku ya kwanza nilipoenda kumsalimia aliangalia viatu vyangu, akaniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, na mazungumzo yakaishia hapo. Sikujua kama nimekubaliwa au nimefukuzwa.

Sasa niliposikia watoto wake wanamfanyia ibada ya shukrani kwa kutimiza miaka sabini, nikaona mlango umefunguka. Wengine wangeleta mbuzi na masufuria. Mimi nikasema huyu mzee ni mtu wa jeshi, nitampigia mzinga wa heshima, kama wanavyopigiwa wakubwa.

"Mzinga gani?" Ndinda akaniuliza. "Wa nyuki?"

"Wa kulipuka."



Kuna rafiki yangu anayepasua mawe kwenye machimbo, akasema anaweza kunitafutia baruti kidogo tu, na siwadanganyi, nilikuwa nimeshakubali, kichwani nilikuwa nimeshaona mzee anapiga saluti huku machozi yakimtoka. Ndinda akakataa katakata. "Ukileta baruti kwetu, usiniite jina tena." Basi nikatafuta kitu cha kushika nafasi ya baruti: hewa. Nilichukua kipande cha bomba nene la kisima, nikaziba upande mmoja kwa kuchomea bamba la chuma, nikaunganisha na kompresa ya kupulizia rangi, nikaweka chini magurudumu ya mkokoteni. Mdomoni unaweka unga wa ngano, unafungulia hewa kwa mpigo mmoja, unasikia buum, na wingu jeupe linapanda juu. Nilipoujaribu nyuma ya karakana watu walitoka madukani wakapiga makofi. Mwanamke mmoja anayeuza maembe alisema sasa hata serikali itaniita.

Siku yenyewe ilifika na jua zuri. Hema limefungwa, viti vimejaa, kwaya ya akina mama wamevaa vitambaa vyeupe kichwani, vimepigwa pasi vikanyooka. Mzinga nikauweka kando ya hema, mdomo ukielekea bondeni, mbali na watu (hapo angalau nilitumia akili). Mzee amekaa mbele na suti yake ya kijivu, mkewe kando yake, na bibi yake Ndinda, ambaye wote wanamwita Susu, amefunikwa shali mpaka masikioni.

Nikiwa nangoja zamu yangu ndipo nilifanya ule uamuzi mdogo ulioniponza. Niliangalia unga wangu wa ngano nikaona, aa, moshi wa vita hauwi mweupe, huu utaonekana kama mtu amekung'uta meza ya chapati. Na kule jikoni nje palikuwa na gunia la makaa limebaki vumbi chini. Nikaenda, nikachota, nikajaza bomba, nikashindilia na mti. Ndinda akaniona mikono.

"Umeshika nini?"

"Ni mambo ya ufundi tu," nikasema, nikajipangusa kwa suruali.

Msema-chochote akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba kijana wetu kutoka Sultan Hamud ana zawadi ya kijeshi, tafadhali tusimame. Nikaongeza kwa sauti yangu mwenyewe, "Na mtoe simu!" Nikavuta kishikio cha valvu ya kufungulia hewa.

Pssss. Basi. Kama mtu anayefungua soda.

Lile vumbi lilikuwa limelala na umande wa Mbooni likashikamana kama udongo, likaziba bomba. Nikasikia mtu nyuma akicheka. Mzee hakucheka, alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, anangoja heshima yake, na hiyo ndiyo iliniumiza, kwa sababu aliichukua kwa uzito kweli. Sasa mtu mwenye akili angesema samahani akakaa. Mimi nikaenda kwa kompresa nikaongeza hewa. Nikangoja ijae. Nikaongeza tena kidogo. Nikavuta.

Jamani.

Bomba halikutoa kitu mdomoni. Lile bamba nililochomea nyuma ndilo lilifunguka, na nyuma ndiko kulikuwa na hema. Mlio ulipita ule wa siku ya majaribio mara nyingi, halafu giza. Nilipopangusa macho nikaona akina mama wa kwaya wote wameshika vitambaa vyao, na wote ni weusi, meno tu yanaonekana. Mchungaji alikuwa amefumbua mdomo kusema kitu, sasa anatema. Keki ilikuwa kama jiwe la barabara. Na pale mzee alipokuwa amesimama hapakuwa na mtu.

Alikuwa chini. Amelala kifudifudi chini ya meza, mikono juu ya kichwa, kitambaa cha meza kimemfunika.

"Ngai, amemuua!" mtu akapiga kelele.

Niliwaza mambo yote kwa pamoja, polisi, mazishi, Ndinda, mama yangu akiambiwa. Ndinda alinipita akikimbia bila hata kunitazama, akapiga magoti, akainua kile kitambaa.

"Baba? Baba!"

"Mlio umetoka upande gani?" mzee akauliza kutoka huko chini.

Alikuwa mzima! Hana hata mkwaruzo. Mwili wake tu ndio ulikumbuka kazi yake ya zamani, akalala chini kabla sisi wengine hatujaelewa chochote. Nilikaa kwenye nyasi palepale nikalia, na msimwambie mtu.

Mzee akatoka, akajikung'uta, akaja kwa mzinga wangu. Akachuchumaa. Akapitisha kidole pale nilipochomea, bamba lilikuwa limening'inia upande mmoja kama mfuniko wa kopo.

"Umetumia baruti?"

"Hapana, mzee. Ni hewa na makaa."

"Kwa nini hukutumia baruti?"

"Ndinda alinikataza."

Akatikisa kichwa polepole. "Kama ni baruti, hiki chuma kingepita katikati ya wale akina mama." Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyo aliyekukataza, uwe unamsikiliza. Hata ukizeeka."

Nilikuwa nikijiuliza kama nimesikia vizuri, mpaka Susu, ambaye uso wake ulikuwa mweusi tii, akaanza kucheka, kicheko cha mtoto kabisa, akashindwa kukizuia, na akina mama wakamfuata mmoja mmoja, hata mchungaji. Mzee alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka mpaka akashikilia nguzo ya hema. Jumatatu nilirudi na sabuni nikafua vile vitambaa vyote kwa mikono yangu, mama mkwe akikagua.

Mbuzi wa ntheo, ile mila ya kuomba msichana, walipelekwa baada ya mavuno na wakapokelewa. Sasa mtu akija karakana na picha kwenye simu akitaka nimtengenezee kitu cha kutoa mlio, namwonyesha milango na madirisha, basi. Na mzee alipotimiza mwaka mwingine nilimpelekea blanketi zito, kwa sababu Mbooni kuna baridi, na sijasikia popote blanketi likilipuka.