Herufi za Kiebrania Nyumbani Kanombe

Sisi Wanyarwanda tuliozaliwa ukimbizini Karagwe tulijifunzia herufi kwenye majivu. Mama aliyatandaza kando ya mafiga, kaka yangu mkubwa akachora A kwa kijiti, mimi na dada tukaifuata kwa kidole. Ukikosea, kaka anafuta, unaanza upya, pua imejaa moshi na maharage yanatokota. Hakukuwa na picha. B ilikuwa B, haikuhitaji kuvalishwa bata ili tuipende.

Leo naishi Kanombe, Kigali, kwa binti yangu Diane. Mjukuu wangu Keza, wa miaka minne, ana sanduku la vibao vya rangi vya kujifunzia herufi. Nilidhani ni herufi zetu, kumbe ni za Kiebrania. Wenzake Diane wa kikundi cha maombi waliwaagizia watoto wao, naye hakutaka wake aachwe nyuma. Kila kibao kina herufi na mchoro: hiki nyumba, hiki ngamia. Ngamia, Kigali hii.

Nikamwuliza Keza huyo ni mnyama gani. Akamtazama ngamia kwa huruma, akanijibu mimi bibi yake:

"Nyogokuru, ni ng'ombe. Iko na jipu mgongoni."

Diane hakucheka. Alimsahihisha kwa Kiebrania, kisha akanieleza kuwa hiyo ni lugha ya Biblia na inafungua akili. Nikamwambia Biblia ya nyumba hii ni ya Kinyarwanda, na mtoto hajui kuandika hata jina lake. Akasema nimepitwa na wakati.

Jumamosi Diane alipokwenda mtaa wa Sonatubes, nilimpa Keza penseli nikamfundisha herufi nne za jina lake. Kufikia mchana alizijua zote. Mama yake aliporudi, mtoto akakimbia kumwandikia, akaanzia kulia kwenda kushoto, kama Kiebrania kinavyoandikwa na alivyozoea kupanga vibao vyake: AZEK. Kabla sijafungua mdomo, Diane alishapiga picha na kuituma kwenye kikundi, eti mwanawe anaandika kama manabii. Amina zikamiminika mpaka jioni.

Siku hizi mtoto akikosea anapigiwa makofi.

Mama yangu hakuona darasa. Alijifunza kwa kutuchungulia huku akikoroga chungu. Siku alipoandika jina lake mara ya kwanza alikuwa na watoto sita, na hakuna aliyempiga picha. Alituuliza kama limekamilika. Kaka akamwambia, "Mama, umeruka herufi moja." Akalifuta kwa kiganja, akaandika tena.