Nguo Zangu mu Matundu ya Plafon

Bajikulu yangu, batoto ba batoto yangu, na ninyi vijana bengine benye mutasoma hii, miye nilipata haya mbele ya bantu ba Mungu, na kosa ilikuwa yangu. Muko na ruhusa ya kucheka, lakini mumalize kusoma.

Ilikuwa ile miaka kazi ya bwana yangu, Baba Ngoie, ilikufa, mishahara ikakatika, majirani banauzisha vitanda na kupanda treni, na siye tukabakia hapa mu mutaa wa Kamalondo kwa sababu kifua chake, chenye kilikula moshi ya kazi miaka yote, hakingeweza safari. Wezi balikuwa mingi. Jirani yangu Mama Kiluwe akaniambia: «Dada, sasa banapuliza dawa ya usingizi mu matundu ya plafon, munalala kama bantu balikufa, banabeba mpaka sufuria ya kupikia bukari!» (Yeye hakuona hata mwizi mumoja, lakini miye niliamini.)

Ile matundu iko inje, chini ya mwisho wa manjanja, ile mabati ya paa, na griyaji ndogo, wavu ya waya, njo yenye kupitisha hewa juu ya plafon, ile dari ya mbao. Kila mwaka Baba Ngoie alikuwa anapanda ngazi, anafuta vumbi, anatoa viota vya ndege. Ule mwaka hakuweza. Nikapanda miye, nikafungua griyaji, nikafuta muzuri, kiisha nikaziba yote na nguo nzee, na wakati nguo nzee iliisha nikaongeza nguo zangu za ndani, zile kubwa za maua.

Miezi mbili, mvua na jua, nyumba ikakuwa kama furu ya kuchomea mikate, na Baba Ngoie anakohoa, anakohoa. Miye nikasema anavuta tumbako kwa kujificha. «Mama Ngoie, ninakosa pumzi tu,» anasema. Sikusikia. Nikaita katekista na bamama ba sala, nikabaikalisha ku barza, mu kivuli ya manjanja, nikasimama: «Mumuambie huyu bwana aache tumbako, asiniache mujane!»

Hata hawajajibu, tripleksi, ile mbao nyembamba ya plafon juu ya vichwa vyao, yenye ilioza na maji ya mvua nguo zilinyonya, ikalia kwaa! ikaanguka yote, na vumbi, na panya, na nguo zangu, moja ikakaa ku mabega ya katekista sawa vile shali.

«Ile maua si ya Mama Ngoie?» Mama Kiluwe anauliza (yeye!). Bamama bakacheka mpaka machozi.

Baba Ngoie hakucheka. Akaangalia juu, akaniangalia. «Ni weye njo uliziba?»

«Wezi, Baba Ngoie. Niliogopa batakuua.»

Akasimama pole pole, akaokota nguo zangu moja moja, akazikunja ku magoti yake mbele ya bote, kama vile anakunja shati ya mutoto. Nikapiga magoti mu ule uchafu, nikamuomba pardon mbele ya balebale nilibaita bamupatishe haya.

Hewa ikapita tena, na kisha siku tatu kupita kikohozi kikapunguka. Nikaita batoto bote, nikabaamuru: «Kila mwaka, mbele ya mvua ya kwanza, mupande, mufute griyaji, muweke mukono musikie kama hewa inapita. Muanzie upande baba yenu analala.»