Mama Aliyepanga Msitu kwa Vijiti

Nilikuwa mwalimu wa jiografia kwenye shule moja ya Waprotestanti hapa Mususa, mjini Butembo, na ramani pekee ya nchi tuliyokuwa nayo ilikuwa imeliwa na panya upande wa Katanga. Wakati huo vita ilikuwa imeanza kupoa. Siku moja pasta wetu aliniita akaniambia kwamba kule Beni kuna enjenia mzungu anayetafuta mtu wa kumsaidia kuchora ramani, mtu anayejua Kifaransa na Kiswahili. Kesho yake nikapanda lori la maharagwe.

Mradi ulikuwa na pesa za Ulaya. Walitaka kutengeneza barabara inayoelekea magharibi, kwenye msitu, na kando yake wapande miti mingi ya mbao na ya makaa, ili watu wa Beni wasiendelee kukata msitu wenyewe. Lilikuwa wazo zuri, na sisemi hivyo kwa kejeli. Kwenye ramani ya ofisi sehemu hiyo yote ilipakwa rangi ya kijani, na katikati kuliandikwa neno moja la Kifaransa: *vacant*. Maana yake, hakuna mwenyewe.

Shida ilikuwa vigingi. Wafanyakazi walikuwa wamepanda vigingi vyenye rangi nyekundu kuonyesha mpaka wa shamba la miti, na baada ya wiki moja vyote vikang'olewa. Havikuibwa wala kuchomwa. Vilipangwa vizuri kando ya barabara, kimoja juu ya kingine, kama kuni za mtu mwenye bidii.

Waliong'oa ni wanawake wa Kimbuti, watu wa asili wa msitu ule. Tangu askari waingie msituni, jamaa zao walikuwa wamekimbilia barabarani, na sasa ulikuwa mwaka wa pili wanakaa kwenye vibanda vya majani nyuma ya mashamba ya watu, wakilima kwa wengine ili wapate muhogo. Tulipofika, enjenia na mimi, chefu wa lokalite, mkuu wa kijiji kile, alikuwa ametutangulia.

"Enjenia, usipoteze saa yako," chefu alisema. "Hawa Bambuti hawana udongo. Wanatembea tu. Leo hapa, kesho kule."

Mama mmoja akasimama. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilinifika begani, na umri wake ulikuwa kama wa dada yangu mkubwa, miaka arobaini na kitu. Niliwaza atapiga kelele. Hakupiga. Alimuuliza enjenia, polepole, ili nipate kutafsiri:

"Mulijua namna gani kama hakuna mutu? Mulimuuliza nani?"

Enjenia alijibu kwamba walitumia picha zilizopigwa kutoka juu, na picha hazikuonyesha nyumba hata moja.

"Sisi tunajenga chini ya miti," mama akasema. "Mutu wa juu ataona nini?"

Kisha akafagia udongo kwa kiganja. Akachukua kamba za msituni akazilaza zikipindapinda: hii ni mito. Akavunja vijiti akavipanga kati ya kamba: hizi ni njia. Akaweka majani, moja huku, mawili kule, akitaja jina la kila kambi. Wanawake wengine walikuwa wanamsaidia kwa lugha yao, wakisogeza jani kidogo, wakirudisha kijiti. Chefu alicheka. Mimi nilikuwa na daftari, na kwa mazoea ya ualimu nikanakili vyote kama vilivyokuwa, na majina pembeni.

"Hiyo si ramani," enjenia aliniambia. Lakini aliitazama muda mrefu. Mwishoni akasema, "Sawa. Twende tukaone."

Tulitembea siku tatu. Mama mbele, kisha enjenia na kifaa chake cha satelaiti, kisha mimi na wanaume wawili wa ukoo wake. Nimezaliwa Butembo, kwenye vilima visivyo na miti ila mikaratusi. Sikujua kama mahali panaweza kuwa na giza la kijani saa sita ya mchana. Sikuona njia hata moja. Yeye alikuwa akisema, "Sasa tutavuka maji madogo, halafu kutakuwa mti mukubwa ulianguka, tupite kushoto," na kweli, maji yalikuwa pale, mti ulikuwa umelala pale, umeota uyoga. Miaka miwili hakukanyaga huko.

Siku ya pili alitusimamisha mbele ya mti mnene sana. Mimi niliona mti tu. Akachukua mkono wangu akauweka kwenye ganda, na vidole vyangu vikaingia katika shimo dogo, laini kama sikio. Juu yake lilikuwa lingine, na lingine, ngazi nzima ikipanda mpaka macho yasifike. Zilikuwa ngazi za kupandia asali, zilizochongwa kwa shoka.

"Hizi za chini alikata mume wangu," alisema. "Hii yenye midomo inayoanza kufungana ni ya babake. Na hii—" alinionyesha kovu lililobaki mstari tu, mti ukiwa umekaribia kulimeza, "—hii hatujui jina lake. Ni mutu wetu, lakini jina limepotea."

Enjenia alivua kofia. Sidhani alijua kama ameivua. Nami, niliyefundisha watoto miaka saba kwamba historia huanza na maandishi, nilibaki nimeweka kidole kwenye kovu lile.

Siku ya tatu tuligeuka kurudi upande wa barabara, na msitu ukaisha ghafla tukatokea kwenye mistari ya kahawa. Mama alisimama katikati ya mistari.

"Hapa ndipo mama yangu alinizaa," alisema. "Kambi ilikuwa pale, karibu na maji."

"Shamba hili la nani?" enjenia aliniuliza kwa Kifaransa.

Nililijua shamba lile. Nilichuma kahawa hapo likizo zote za utoto wangu, bila kuingia msituni hata siku moja. Baba mdogo wangu alitoka Lubero, ambako udongo haukutosha tena, akapeleka mbuzi kwa chefu wa zamani, na chefu akamwonyesha msitu akamwambia akate. Hakuna aliyeuliza zaidi. Ningeweza kusema sijui. Mama alikuwa ananitazama.

"Ni ya baba mudogo wangu," nilisema kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kifaransa.

"Najua," mama alisema. "Uko na uso yake. Nilijua tangu ulishuka kwenye gari."

"Na haukusema?"

"Nilitaka nione kama utaandika."

Niliandika. Jina la kambi nikaliweka juu ya kahawa yetu.

Tuliporudi Beni nilishinda kutwa nikihamisha alama za satelaiti kwenye karatasi ya milimita, ile yenye vimraba vidogo vya kupimia. Asubuhi iliyofuata nikachukua kalke, ile karatasi inayopenyeza mwanga, nikachora juu yake mchoro wa vijiti na kamba kutoka kwenye daftari langu, kwa kipimo kimoja na ramani. Nikabandika vyote viwili kwenye kioo cha dirisha. Mito ilikaa juu ya mito. Kambi moja tu ilipotoka, kwa upana wa kucha. Nilimwita enjenia. Alisimama na kikombe cha chai mkononi mpaka chai ikapoa.

"Yule mama aliupanga kwa dakika ngapi?" aliuliza.

"Hata nusu saa haikufika."

Aliketi akaandika barua kwa wakubwa wake, na aliiandika vizuri, mimi niliisoma.

Jibu lilichukua miezi. Shamba la miti lilisogezwa ng'ambo ya barabara, kwenye vilima vilivyokwisha kukatwa zamani. Hati ya ardhi, ile yenye muhuri, Bambuti hawakupewa. Waliambiwa sheria haijawa na mlango wa kuwaingiza. Walichopewa ni mstari wa nukta kwenye ramani, na ndani yake, badala ya lile neno *vacant*, majina yao yote. Kahawa ya baba mdogo ilibaki ya baba mdogo. Aliponiona kwenye msiba wa shangazi alinigeuzia mgongo, ikapita miaka miwili kabla hajanisalimia.

Nilipeleka nakala ya ramani kule kwenye vibanda mwenyewe. Watu walikuwa wameanza kurudi msituni, nikamkuta mama anafunga mzigo wake. Hakujua kusoma, kwa hiyo aliniomba nimsomee. Tukakaa chini, nikafungua ramani magotini, nikaanza kutaja: mito kwanza, kisha kambi, kisha miti ya asali. Wengine walikusanyika. Kila jina nililotaja, mtu mmoja kati yao aliitika kidogo kooni, kama mtu anayeitwa.

Nilipofika jina la kumi na kitu alinyoosha mkono akanisimamisha.

"Hapana," alisema. "Hilo umelisema vibaya. Sema tena."

Nikasema tena. Na tena. Mara ya nne akatikisa kichwa kukubali, nikaendelea kusoma.