Koja la Asumini la Bwana Ngonyani

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, siku tuliyofungwa na vijana wa Nguvumali, kule Tanga. Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Najua nimekuzidi madarasa matatu tu, na ndevu zangu ukizitafuta itakubidi uje na taa. Lakini kesho unavaa jezi ya mji wetu kwa mara ya kwanza, na wazee wa hapa Muheza mawaidha yao yote ni ya mvua na mahari. Ya mpira hawana. Basi kaa, leo mzee ni mimi. Shikamoo yako nimeipokea.

Mwalimu wetu wa mpira alikuwa Bwana Ngonyani, mkata mkonge, mtu wa Songea. Wewe hukumkuta uwanjani. Alikuwa akitoka shambani jioni, mikono imechanwa na miiba, anakuja uwanjani kwa miguu kutufundisha, na hatukumpa hata chai. Kusema alijua. Mimi alikuwa akinipigia kelele, "Wewe mtoto wa mjini, unakimbia kama bibi harusi! Unaogopa kutifua vumbi?" Timu nzima inacheka, nami nacheka, na kesho yake nakimbia kweli. Sijui alinipatia wapi. Shuleni wamenichapa miaka yote na hawajaambulia kitu.

Mkataba wake ulikuwa unakwisha. Jumatatu asubuhi alikuwa apande gari moshi mpaka Korogwe, kisha malori hadi kwao. Mji ukaamua: Jumapili tukichukua kikombe kule Tanga, jioni ile ile tumfanyie karamu. Mbuzi akafungwa nyuma ya nyumba ya Saidi, nahodha wetu. Bibi yangu, Bi Mwanahawa, ambaye mpira hajauona hata siku moja, akatunga koja refu la asumini ili Bwana Ngonyani avikwe mbele za watu. Nikamtania, "Bibi, unamposa nini?" Akanirushia kiatu cha mti. Nilikwepa, hilo nalo nilifundishwa na Bwana Ngonyani.

Tukafungwa. Mabao yaliingiaje sikuelezi. Muulize Saidi, uone anavyogeuza mazungumzo. Ndani ya lori, njia nzima, hakuna aliyeimba. Bwana Ngonyani peke yake ndiye aliyesema: "Leo mmecheza. Huu ndio mpira niliokuwa nautaka." Tuliposhuka, kila mtu akaingia kwao na aibu yake. Saidi akamfungua mbuzi.

Nyumbani nikalikuta koja kwenye sinia, limefunikwa kitambaa kibichi.

"Mgeni wangu yuko wapi?" bibi akauliza.

"Tumefungwa, bibi."

"Nimesikia. Nauliza mgeni."

"Karamu haipo tena. Ilikuwa ya kikombe."

Akanitazama mpaka nikatamani kile kiatu.

"Kikombe ndicho kilichokuwa kikija hapa kila jioni mikono inatoka damu? Mimi hili koja nimelitunga kwa kipimo cha shingo ya mtu, mwana wee. Hicho kikombe chenu kina shingo?"

Alfajiri akanibebesha sinia. Nilipofika kituoni, gari moshi lilikuwa limekwenda, na moshi wake bado umetanda juu ya michungwa. Mtu wa kituo akaniambia yule Mngoni alikuwa amekaa pale kwenye benchi tangu giza, anaangalia njia ya mjini. Kila aliyepita, yeye alimwuliza, "Vijana wangu hujawaona huko?"

Tangu siku hiyo, mwanangu, jioni zina kasoro. Mpira unapigwa, vumbi linatifuka, lakini hakuna wa kuniita bibi harusi. Mara nyingine nakimbia ovyo makusudi, nasikiliza.

Sasa tunaye Mwalimu Hemedi wa hesabu. Filimbi anaipuliza kama anapoza uji, na wewe na mimi tumemcheka vya kutosha. Ijumaa iliyopita tulifungwa hapa hapa kwetu, mbele ya mama zetu. Nikaingia uwanjani na koja la asumini mkononi. Bibi alilitunga tangu mchana, na hakuuliza nani atashinda. Watu wakaangua kicheko: "Huyo, kapata mzaha mpya!" Hata Mwalimu Hemedi akarudi nyuma.

"We, usinichezee mbele za watu."

"Sichezi, mwalimu. Inama."

Alinitazama sana. Kisha akainama, maana ni mrefu, nikamvika. Kicheko kikafa chenyewe. Harufu ya asumini ikanipanda puani, na bila kutaka nikageuka kuangalia njia inayotoka mashamba ya mkonge. Haikuwa na mtu.

Basi sikia, mwanangu, na hapa sitanii. Anayekufundisha mshukuru angali yupo uwanjani, na mchezaji wa kwenu mpokee hata akishuka kwenye lori mikono mitupu. Usingoje kikombe. Anayekuja jioni baada ya kazi yake amekwishafanya jambo la kushukuriwa kabla mpira haujapigwa.

Mungu akupe miguu myepesi na pumzi ndefu. Akupe mji utakaokufungulia mlango siku ya kufungwa. Na Bwana Ngonyani, huko Songea aliko, ampe vijana wabishi kama sisi, ila wawahi kituoni. Amina. Haya, nenda kalale. Kesho ukikimbia kama bibi harusi, nitakuita kwa sauti, mji mzima usikie.